Upatu wa Bu Wagiyem hautoi pesa, unatoa siku

Adhana ya alfajiri imekwisha punde tu, na Bu Wagiyem tayari amechuchumaa mbele ya beseni la soya zilizolala majini usiku kucha. Anazifikicha kwa viganja mpaka maganda yaelee, anayamwaga, anaanza upya. Bila hivyo hakuna tempe, vipande vya soya iliyochachishwa anavyouza, na bila tempe jikoni kwake Klaten, kisiwani Java, hakuwaki moto.

Leo hayuko peke yake. Majirani watatu wamechuchumaa naye, mikono imezama kwenye maji ya soya hadi viwikoni. Hakuna anayelipwa. Wamekuja kutafuta harufu.

“Kamua, shoga, usipapase kama unachagua kitambaa dukani,” Bu Wagiyem anamwambia Bu Mursiti, muuza uji wa nyumba ya pili.

“Kaa kimya, mwalimu. Nimemfuata Seno hapa, sikufuata soya zako.”

Seno ni mwana wa pekee wa Bu Wagiyem. Ana miaka kumi na mmoja na mtindio wa ubongo. Hatembei wala hasemi, lakini kucheka anajua, hasa mtu mzima akiangusha kitu. Muda huu amelala kwenye mkeka karibu na jiko, anawasikiliza.

Kijijini hapa akina mama wenye watoto wenye ulemavu hukutana kila Jumamosi kwenye ukumbi wa kijiji, pale mtaalamu wa viungo anapokuja kuwanyoosha watoto. Na kwa kuwa hakuna mwanamke wa Kijava asiyecheza upatu, nao wakaanzisha wao. Majina yanatiwa kwenye glasi, glasi inatikiswa, jina linaanguka. Tofauti ni moja: aliyeangukiwa hapewi rupia hata moja, anapewa siku nzima. Wenzake wanamchukua mtoto, wanampikia, wanafua. Yeye anakwenda atakako.

Mmoja alikwenda kumtazama mwanawe mkubwa akicheza mpira, mara ya kwanza tangu aanze shule. Mwingine hakwenda popote, alifunga mlango akalala. Bu Mursiti, mama wa Ndari mwenye ugonjwa wa Down, alipaka nywele rangi. “Nikatoka mweusi tii kama sufuria ya jiko la kuni,” anasema. “Mume wangu akanikaribisha ndani kama mgeni.”

Jina la Bu Wagiyem limeanguka mara kadhaa. Kila mara alimpa mwingine siku yake, akarudi kwenye beseni.

“Tulimsema, nisikufiche,” anakiri Bu Mursiti. “Tulisema huyu anajiona mama kuliko sisi.”

Hayakuwa majivuno. Seno hakuwa akila kwa mkono wa mtu mwingine. Hata baba yake, Pak Giyono, fundi muashi ambaye mtoto anampenda sana, akimnyooshea tonge anageuziwa shavu. Mwaka juzi Bu Wagiyem alishikwa na homa ya dengi, mtoto akashinda na maji matupu.

“Nilitambaa mpaka mkekani nikamlisha huku natetemeka,” anakumbuka Bu Wagiyem. “Siku hiyo niliogopa kweli. Si homa, niliogopa kesho.”

Na kuna mahali anapotaka kufika. Mwezi wa Shaaban, ambao Wajava huuita Ruwah, watu hurudi kwao kufagia makaburi ya wazazi. Mama yake amezikwa Wonogiri, juu kilimani, kwenye ngazi za mawe zisizopandika kwa kiti cha magurudumu. Tangu mazishi hajakanyaga huko. Kaburi linafagiwa na watoto wa watu, na jambo hilo linamkera kuliko uchovu wote.

Akina mama walipoujua ukweli, walikuja mmoja mmoja kujaribu kumlisha Seno. Walikuja kwa adabu zote: mikono imeoshwa kwa sabuni ya waridi, kijiko kimemetameta. Seno akafunga mdomo kama mlango wa benki.

Jibu lilikuja bila kuitwa. Iliingia oda kubwa ya tempe ya harusi, Bu Mursiti akaja kusaidia kufikicha. Katikati ya kazi Seno akalia njaa, na mikono ya mama yake ilikuwa imejaa chachu. Bu Mursiti akajisuuza haraka haraka kwa maji tu, akafinyanga wali na mchuzi kwa vidole, akampelekea.

“Alininusa kwanza,” anasimulia. “Halafu akafungua mdomo. Nikasema bahati. Nikampa tena. Akala mpaka sahani ikawa kavu.”

Ndiyo maana asubuhi hii wako watatu kwenye beseni. Jua linapotoka, Bu Wagiyem anafukuzwa nyumbani kwake ili wenzake wamlishe Seno. Anakwenda kusimama kisimani, nyuma ya ukuta wa jikoni, mikono kifuani. Ndani anasikika Bu Mursiti: “Haya, bwana mkubwa, wageni wako mlangoni.”

Bu Wagiyem anaushika ukuta. Kisha mfuniko unaanguka kwa kishindo, na Seno anacheka. “Meza kwanza, wewe, utacheka baadaye!” anafoka mama mmojawapo.

Bu Wagiyem anajifuta macho kwa mkono wa blauzi. “Nimefurahi,” anasema. “Na nimeumia kidogo, nisikudanganye. Miaka yote hii nilidhani ni mimi. Kumbe ni soya.” Kisha anacheka mwenyewe mpaka anaketi kwenye ukingo wa kisima.

Safari ya Wonogiri ni Jumapili. Atachukua basi la mapema, fagio la njiti, maua ya kunyunyiza, na tempe iliyofungwa kwa majani ya msaji, kama mama yake alivyopenda. Lakini kuna mzigo mwingine.

“Mama aliniuliza kabla hajafa. Alisema, mwanangu, siku ukiondoka wewe, nani atamlisha mjukuu wangu? Akafa sijamjibu.”

Ndani wanamwita, sahani imekwisha, Seno anataka zaidi. Anainuka na kukung’uta sarungi yake.

“Jumapili nikimaliza kufagia,” anasema, “nitakaa pale kaburini nimtajie majina yao, mmoja mmoja.”