Soksi Iliyougomea Upepo

Rubani alishuka kwenye ndege, akavua shati mbele za watu, akalikamua. Jasho likachuruzika.

Kisha akanirushia.

"Shika, Dada Upepo! Hizo ndizo kilomita kumi na moja zako!"

Nyuma yake ndege ilikuwa imeacha njia, tairi moja limezama kwenye majani. Abiria wanne walikuwa wanashuka huku wameshikana mikono. Hakuna aliyeumia, lakini mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Ngoja niwaeleze kazi yangu, maana wengi hamuijui.

Niko kwenye kiwanja kidogo cha ndege. Mitambo ya maana hatuna. Tuna redio, na tuna soksi ya upepo: ule mfuko mrefu wa kitambaa unaoning'inia juu ya nguzo, pingili tano, nyekundu na nyeupe.

Upepo ukiingia, mfuko unajaa na kuinuka. Kila pingili iliyosimama ni kama kilomita tano na nusu kwa saa. Zikisimama mbili, kumi na moja. Zikisimama zote tano, ishirini na nane au zaidi, na upepo huo ukiipiga ndege ndogo ubavuni, bora rubani ageuze arudi alikotoka.

Mimi nahesabu, namwambia kwenye redio, yeye anaamua.

Siku ile nilihesabu mbili. Naapa, mbili.

"Ulikuwa kwenye simu?" meneja akaniuliza.

"Sikuwa kwenye simu, bosi."

"Basi ulisinzia."

"Bosi, miaka sita hii umewahi kunikuta nimesinzia?"

"Ijumaa nataka maelezo kwa maandishi. Yasiponiridhisha, redio anakaa mtu mwingine."

Nilitoka pale nimejaa hasira. Miezi miwili mizima marubani walikuwa wananilalamikia. Huyu anasema upepo ulimsukuma, yule anasema nina miwani ya mbao. Nikimaliza kubishana na mmoja, anatua mwingine na lake. Jamani, nilichoka!

Nyumbani nako hakukaliki. Nilikuwa nimemnunia mdogo wangu, maana suruali zangu mbili za jinzi zilipotea na mwenye kuazima bila kuomba namjua. Alikana mpaka akalia. Sikumwamini hata kidogo.

Mama ndiye aliyekuwa anatuamulia, mguu kwenye cherehani. Mama yangu ni fundi, na ile soksi aliishona yeye.

Ilikuwa hivi. Soksi za zamani zilikuwa zinachanika kila baada ya miezi miwili. Ofisi ikasema mpya imeagizwa. Iliagizwa mdomoni. Kwa hiyo nikawa napanda nguzo mwenyewe, sindano mdomoni, naziba matundu.

Siku moja mama akapita kuniletea funguo, akaniona huko juu. Alikaa chini palepale.

Wiki iliyofuata akanipa soksi mpya. "Hii haichaniki," akasema. Nikaipima mkononi, nzito, imeshiba. Nikasema sasa hii ndiyo kazi! Nikaitundika kwa madaha.

Basi, baada ya ile aibu ya shati, nikaamua kujitetea. Siku tatu nzima, kila saa, nikaipiga picha ile soksi na kuandika muda. Alhamisi nikamfuata rubani kwenye kivuli cha ndege yake.

"Hesabu mwenyewe," nikamwambia, namsukumia simu.

Akaangalia. "Pingili mbili."

"Umeona sasa! Mlikuwa mnanionea bure!"

Akaivuta picha ikawa kubwa.

"Na hii nyuma yake ni nini?"

Ilikuwa bendera iliyo juu ya paa la ofisi. Ilikuwa imenyooka kama ubao.

Nikafungua picha ya pili, ya tatu, ya kumi. Soksi imelala nusu, bendera imenyooka. Nimekaa pale miezi miwili nikitazama soksi tu, bendera sijaitupia hata jicho. Nyani haoni kundule.

Nikapanda nguzo, nikaishusha, nikatia mkasi.

Katikati ya vitambaa viwili kulikuwa na bitana. Niliijua kabla sijaishika vizuri. Ilikuwa jinzi, na mfuko wa nyuma bado una doa langu la wino.

Nilimkuta mama anashona. Nikaweka kile kipande mezani. Mguu wake ukasimama.

"Nilikuona unayumba huko juu, mwanangu," akasema. "Nikajisemea, nikiishona nzito, hata miaka mitatu hutapanda tena. Za suruali nikaona haya kukwambia."

"Mama, nzito haiinuki. Upepo mkali inaonyesha mdogo."

Akakishika kile kipande. "Ile ndege iliyoingia majanini?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Mama akafunika uso kwa viganja. "Nusura niue watu watano nikimlinda mmoja."

Hasira yangu yote ya miezi miwili ikayeyuka, na sikupenda ilivyoyeyuka. Nilitaka mtu wa kumgombeza, na sikumpata.

"Si wewe," nikamwambia. "Wewe ulishona. Mimi ndiye niliyeitundika bila kuijaribu, na nikaifurahia kwa uzito wake."

Ndivyo nilivyoandika kwenye maelezo, neno kwa neno, ila jina la fundi sikuliweka.

Meneja akasoma. "Kwa hiyo hukusinzia."

"Sikusinzia, bosi. Nilikosea macho yakiwa wazi."

Redio nikanyang'anywa miezi mitatu. Nilikuwa naosha ndege, ikiwemo ya yule rubani, na shati lake nililirudisha limefuliwa na kupigwa pasi. Mdogo wangu nilimwomba radhi. Alinidai nipige magoti, na nilipiga.

Sasa nimerudi kwenye redio. Soksi tuliyonayo ni nyepesi, mama kaishona upya, na kila miezi miwili inachanika. Napanda. Yeye yuko chini, ameikumbatia nguzo kwa mikono miwili, macho ameyafumba.

Ninachowaachia ni hiki: ukiona kila mtu anakwambia umekosea na wewe una uhakika umehesabu sawa, usikimbilie kuwalaumu watu. Kishushe kwanza hicho unachohesabia, ukichane, uone ndani kuna nini. Huenda ukakuta suruali yako mwenyewe.