Kidole cha Mzee Kipkurui

Mzee Kipkurui alitoka zizini akipangusa mikono kwenye suruali, akamkuta bintiye Janeffer amejaza vikorokoro mezani: mashine ndogo kama simu ya zamani, kopo la vijiti vya kupimia, kalamu yenye sindano ndani, na kichupa chenye kifuniko chekundu.

"Kaa hapa, Baba."

Akakaa. Kliniki walikuwa wamesema sukari yake inapanda, apimwe nyumbani. Janeffer naye akaongeza lake: ikizidi sana, mzee anahamia kwake Kericho mjini, na hakuna mjadala. Mzee alitazama dirishani, kule nyuma ya nyumba ambako mistari ya majani chai inaishia kwenye kaburi la mkewe, Chemutai. Nyasi zilikuwa bado hazijashika vizuri juu yake.

Jirani yao Phelis, aliyechuma chai bega kwa bega na marehemu, alikuwa ameleta ndizi akabaki kutazama sinema.

Janeffer aliweka tarehe na saa kwenye mashine, akabonyeza kalamu kwenye kidole cha babake. Ta! Hakuna damu. Akaizungusha kuongeza nguvu. Wapi.

"Hiyo ni kidole ama ni kwato?" Phelis akauliza.

"Ni ya kuchuma chai."

"Hata mimi nachuma, Baba Janeffer, na nikidungwa nalia."

Kalamu ilipofika nguvu ya mwisho, tone likatoka. Mashine ikanywa, ikafikiri, ikaandika ishirini na sita.

Janeffer akaingia chumbani. Mzee akasikia sanduku likiburutwa.

"Utavaa koti gani safarini?"

"Siendi."

"Baba, ishirini na sita! Watu wanazimia na hii!"

"Mashine yako ndiyo mgonjwa."

"Si uijaribu basi," Phelis akasema. "Hata mizani ya majani hatuiamini tu hivi hivi."

Janeffer akarudi, akatikisa kile kichupa. Maji yake yametiwa sukari ya kipimo kinachojulikana. Mashine ikiwa nzima, lazima itoe namba iliyoandikwa kwenye kopo la vijiti. Akadondosha tone kwenye kijiti kipya. Namba ikaja pale pale inapotakiwa.

Mashine haikuwa na kosa. Janeffer akarudi kwa sanduku lake. Mzee akainuka polepole, akaenda kusimama mlangoni, mkono ukining'inia.

Ndama wa ng'ombe wa Chemutai akaja mbio, akadaka kile kidole, akaanza kukinyonya kwa fujo. Mzee akavuta. Ndama akavuta.

Phelis aliangua kicheko. "Janeffer, mama, njoo uone! Daktari mwingine amefika!"

Janeffer akatokea na koti mkononi. Akamtazama ndama, akautazama mkono wa babake, wa kahawia na unaonata mpaka kiganjani.

"Baba, asubuhi ulikuwa unafanya nini?"

"Nilichanganya molasi, ile shira tamu ya miwa. Ya ng'ombe."

"Na hukunawa?"

"Hukuniambia."

Janeffer akaokota karatasi ya maelezo. Mstari wa kwanza kabisa ulisema: nawa mikono kwa sabuni, kausha. Alikuwa ameuruka akakimbilia picha.

"Karibu umhamishe mzee wa watu kwa sababu ya chakula ya ng'ombe," Phelis akasema, akijifuta machozi.

Maji moto, sabuni, taulo, kidole kingine. Ta! Tisa na kidogo.

"Bado iko juu," Janeffer alisema, lakini sauti ilikuwa imelegea. "Wiki hii tunarudi kliniki, na usikatae. Kulala, utalala kwako." Kisha akachukua kopo la sukari, akalitia kwenye mkoba wake. "Hii naenda nayo."

"Yote?"

"Yote, Baba."

Mzee akatoka, akazunguka nyuma ya nyumba, ndama akiuandama mkono wake. Akasimama kando ya kaburi, akang'oa gugu moja.

"Chemutai," akasema. "Nimebaki."

Akafikiri kidogo.

"Lakini sukari wamebeba."