Ndila na Mashine ya Breli

Mwalimu Kalunde alipompigia simu mwezi uliopita, Ndila alikuwa shambani kwake Kathiani akivuna maharagwe. Alijifuta mikono kwenye leso, akaisikia sauti aliyoijua tangu ujana wake.

"Mwanangu, mashine imenyamaza. Shule ilitaka kuitupa, nikaomba nipewe mimi. Niko nayo hapa nyumbani, lakini laptop ya mpwa wangu haiioni."

"Yuko na Windows?"

"Hapana. Anasema ni Linux. Mimi sijui, nataka tu kuchapa nyimbo za kwaya."

Mashine yenyewe ni ya kuchapa breli, yale maandishi ya nukta ambayo asiyeona huyasoma kwa vidole. Mwalimu Kalunde hajaona tangu utotoni. Karibu miaka ishirini iliyopita, shule aliyokuwa akifundisha mjini Machakos ilipewa mashine hiyo na wafadhili. Ilikuja bila draiva, yaani ile programu ndogo inayofanya kompyuta na mashine zielewane, na walioitengeneza walikuwa wameshafunga biashara.

Kazi ya kuiundia draiva waliichukua Ndila na rafiki yake Yasser. Walikuwa wametoka chuoni juzi juzi, wakifanyia kazi ghorofani, juu ya duka la vitambaa la Bi Zaituni, mama yake Yasser. Walikuwa na programu moja ya kigeni ya kuundia draiva. Unachomeka mashine, inakuonyesha kila kinachopita kwenye waya. Unaandika maagizo yako mara moja, nayo inakutolea draiva ya Windows na nyingine ya Linux, ile mifumo miwili ya kuendeshea kompyuta. Yasser ndiye aliyeng'ang'ania watoe zote mbili.

"Nani hapa Machakos ako na Linux?" Ndila alimuuliza.

"Leo hakuna. Siku moja atakuwepo."

Mashine ilipoanza kugonga karatasi, wateja chini waliinua macho kutazama dari. "Yasser! Mnanibomolea nyumba?" Bi Zaituni alipaza sauti, kisha akawapelekea chai ya tangawizi na mahamri.

Mwalimu Kalunde aliitwa kuijaribu. Alipitisha vidole juu ya karatasi, akakunja uso. "Inakula herufi." Kila palipokuwa na ĩ au ũ ya Kikamba, mashine iliacha nafasi tupu, kwa kuwa aliyeiunda hakuwahi kusikia kuna lugha kama hiyo. Basi Mwalimu akaketi nao alasiri nzima, akiwaeleza nukta za kila herufi, Ndila akiandika. Karatasi ya mwisho aliisoma kwa sauti, Kikamba chote kikiwa kamili. Bi Zaituni, ambaye Kikamba chake kilikuwa cha sokoni tu, alisimama mlangoni akilengwalengwa na machozi.

Miaka ilikwenda. Yasser alipata kazi Nairobi, akahamia Mlolongo. Bi Zaituni alifariki, na siku hizi pale dukani panauzwa kava za simu. Ndila alibaki akitengeneza kompyuta mjini. Hakuna aliyemwomba draiva tena. Printa za sasa unachomeka na kazi inaendelea. Lakini kila alipopita barabara ile alitazama dirisha la juu. Hakuikumbuka sana kazi. Alimkumbuka Yasser kwenye meza ya pili, mtu wa kukwama naye pamoja kazi ikigoma.

Baada ya simu ya Mwalimu, aliitafuta ile programu mtandaoni. Tovuti yake haikuwepo tena. Akampigia Yasser.

"Iko kwa kompyuta yangu ya zamani, chini ya kitanda," Yasser alimwambia. "Mke wangu amenigombeza nayo miaka yote hii. Njoo."

Jumamosi, Ndila akaenda Mlolongo. Waliiweka kompyuta juu ya meza ya kulia, wakaiwasha. Ilichukua muda, ikinguruma, mpaka dirisha la kijivu la ile programu likafunguka, na ndani yake kazi yao yote.

"Mama angekuwepo," Yasser alisema, "saa hii angeshaleta chai."

Walicheka, kisha wakarudisha macho kwenye skrini.

Draiva ya zamani haikukubali Linux ya leo hivi hivi. Walirekebisha hapa na pale mpaka alasiri, na Jumapili baada ya ibada wakafika kwa Mwalimu Kalunde. Ndila akaiweka draiva kwenye laptop ya mpwa, akachomeka waya. Mashine ikatulia kidogo, kisha ikaanza kugonga, kuku wakatawanyika uani.

Mwalimu alipokea karatasi ikiwa bado inatoka. Vidole vilikwenda, vikasimama. "Hapa si sawa. Mstari unakatika katikati ya neno."

"Nilikuambia upana wa ukurasa," Ndila alimwambia Yasser.

"Uliniambia pambizo, Ndila, si upana!"

Mwalimu Kalunde aliegemea kiti, akatabasamu. "Ngoja kwanza. Endeleeni kugombana kidogo. Nilikuwa nimeikosa hii."

Waliurekebisha mstari. Wimbo wa kwanza ukatoka wote, Mwalimu akauimba pole pole kwa vidole, kisha akaomba wa pili. Kitabu cha kwaya kilikuwa kinene. Yasser akatoka nje kumpigia mkewe kwamba atachelewa, akarudi na kuvuta kiti karibu na Ndila.