Baba na Taa za Dar es Salaam

Nakumbuka tulipokuwa wadogo pale Mlandege, Iringa, gari lilisimamishwa na vitu vitatu: ng'ombe, trafiki na majani. Ng'ombe hahitaji maelezo. Trafiki alikuwa mmoja, alisimama njia panda ya mjini na glavu zake nyeupe, na akiinua mkono hata baiskeli ilisimama. Majani ndiyo yalikuwa lugha ya madereva wenyewe. Lori likiharibika, utingo alikata matawi mabichi akayatandaza kwenye lami, mbele na nyuma, na kila dereva aliyeyaona alijua kuna mwenzake amekwama, akapunguza mwendo. Sisi watoto tulijua hivyo kabla ya kujua kusoma. Barabarani, majani maana yake tahadhari.

Taa za kuongozea magari hatukuwa nazo. Iringa hazikuwepo, Mbeya hazikuwepo, na sidhani kama kuna aliyezililia. Magari yenyewe yalikuwa ya kuhesabu, na mengi tuliyajua kwa mlio kabla hayajatokeza. Ndiyo maana tulishangaa siku mwalimu wetu wa darasa la sita, Mwalimu Mgaya, alipotuandikia ubaoni mada ya mdahalo. Tulikuwa tumetoka kupalilia shamba la shule, udongo bado uko kwenye kucha, sweta zinanuka moshi wa nyumbani, na yeye anaandika: Taa za barabarani zinasaidia au zinakwamisha mwendo wa magari?

Darasa zima hakuna aliyewahi kuiona taa hiyo. Mwenzetu mmoja akanyoosha mkono.

"Mwalimu, taa inasimamishaje gari? Kwani ina mkono?"

"Haina mkono. Ina rangi," Mwalimu Mgaya akajibu. "Nyekundu simama, njano jiandae, kijani nenda."

"Na dereva akikataa?"

"Ndiyo maana tunafanya mdahalo," akasema, akatugawa. Mimi nikaangukia upande wa wanaosema zinasaidia.

Siku hizi mtoto angeuliza simu, akapata jibu kabla uji haujapoa, na akalisahau kabla hajaumaliza. Sisi ilibidi tujaribu wenyewe. Bahati nzuri, miaka ile mafuta yalikuwa adimu na Jumapili mchana magari yalikatazwa kutembea. Wasioiona Tanzania ile hawawezi kuamini: barabara ya lami nzima, tupu, ya watoto. Tulilala juu yake tukasikia joto la jua mgongoni, kitu cha thamani sana kwa baridi ya Iringa. Wavulana walileta magari yao ya waya, yenye magurudumu ya kandambili zilizokatika. Wasio na gari walikuwa magari wenyewe, wakinguruma kwa midomo mpaka mate yakawaruka.

Mimi nilikuwa taa. Nilisimama katikati ya njia panda, mkono wa kulia nimeshika kanga nyekundu ya mama, na kwa kuwa nyumba nzima haikuwa na kitambaa cha kijani, mkono wa kushoto nikashika tawi la majani. Kanga ikipanda, simama. Majani yakipanda, nenda.

Mwanzoni tulikuwa wachache, na taa ikawa kero tupu. Mtu anakuja peke yake, mimi nimeinua kanga, anasimama na kuuliza anamsubiri nani. Nikajisikia mjinga, nikaona upande wangu wa mdahalo umeshindwa. Lakini watoto wa mitaa ya juu waliposikia kelele wakashuka, tukajaa. Tukajaribu bila taa, wakagongana katikati, mmoja akapasuka mdomo. Tukajaribu na taa, wakapita kwa zamu, ila foleni ya kila upande ikawa ndefu na wa mwisho wakaanza kununa. Nikagundua kwamba lile swali la mwalimu halikuwa jepesi hata kidogo. Taa ile ile, watoto wale wale, na jibu linageuka kufuatana na wingi wetu. Nilifurahi sana, kama mtu aliyechimba viazi akakuta zaidi ya alivyopanda.

Ndipo baba akatoka ndani. Baba alikuwa dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja wa Kihindi mwenye duka mjini, Bwana Kanji. Alibeba mchele kutoka Chimala kuja Iringa, na safari nyingine alipanda mpaka Mbeya. Alikuwa amelala tangu asubuhi kwa uchovu wa safari, na kelele zetu zilimwamsha. Badala ya kufoka, akashika usukani wa hewani, akapiga gia, akaja ananguruma kwenye njia panda yetu. Watoto wakapiga makofi. Baba za wengine hawakuwa wakicheza.

Nikainua majani. Baba akafunga breki, akasimama kabisa, akachungulia kulia na kushoto.

"Nani kaharibikiwa hapa?"

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Nikamweleza kuwa haya siyo majani ya kuharibikiwa, ni taa ya kijani, anatakiwa kwenda. Akarudi nyuma, akaanza upya. Safari hii nikainua kanga. Akapita nayo moja kwa moja, karibu anikanyage.

"Baba, hiyo nyekundu!"

"Kanga ikipepea si mtu ananiita?" akasema, naye akicheka.

Tukasema huyu madereva wa milimani wamemharibu. Mama alikuwa barazani anamenya viazi. Yeye hakucheka. Kisu kilisimama mkononi, akamtazama baba mpaka alipoingia ndani.

Sikujua mama alikuwa anawaza nini. Nilikuja kuelewa jioni. Bwana Kanji alikuwa ametangaza wiki ile kwamba kwa kuwa lami sasa ilifika mpaka pwani, lori lake litakwenda Dar es Salaam, na dereva asiyetaka kwenda Dar atafute kazi kwingine. Baba alikuwa amekubali. Kwetu hiyo ilikuwa ndiyo kazi: ada, sare, chakula, kila kitu kilitoka kwenye usukani ule.

Jioni ile tulikuwa jikoni tukiota moto. Mama aliweka nyanya mbili kwenye ungo, zinalingana ukubwa, moja imeiva na moja mbichi.

"Baba Sekela," akamwita kwa jina langu, "hebu nipe iliyoiva."

Baba akanyoosha mkono, akaibonyeza ya kwanza kwa dole gumba, kisha ya pili.

"Usibonyeze," mama akasema polepole. "Tazama tu."

Baba akatazama. Moto ulikuwa unawaka vizuri, na koroboi ilikuwa pale pale pembeni. Akatazama tena, mkono wake ukabaki juu ya ungo bila kujua pa kutua. Nilitaka kumwonyesha kwa kidole, kwa sababu kwangu zile nyanya zilikuwa zinapiga kelele. Mama akanikata jicho.

"Mimi nilidhani wote mnabonyeza," baba akasema.

Hakuna aliyecheka. Miaka yote mama alikuwa anamlalamikia kwa kuleta nyanya mbichi kutoka sokoni akidhani ni uvivu wa kuchagua. Kumbe nyekundu na kijani kwa baba vilikuwa kitu kimoja, rangi fulani ya udongo, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Kwenye barabara zetu hakuhitaji. Mkono wa trafiki ni mkono. Majani ni majani, unayajua kwa umbo lake hata kama huyaoni rangi. Lakini taa ni rangi tupu, na baba alikuwa anakwenda kwenye mji wa taa.

"Utaua mtu," mama akasema. "Au watakuua wewe. Mwambie Bwana Kanji ukweli."

"Nikimwambia atanitoa kwenye lori lote, siyo Dar tu. Nani atampa gari mtu asiyejua nyanya?"

Aliyetuokoa, au tuliyedhani ametuokoa, ni mjomba Ambakisye, mdogo wake mama. Alikuwa amefanya kazi bandarini Dar kabla hajarudi kwao Tukuyu, na siku zile alipita kwetu na mkungu wake wa ndizi. Mama alipomnong'oneza, akacheka kwa wema.

"Dada, mbona jambo dogo? Nyekundu iko juu siku zote. Njano katikati. Kijani chini. Shemeji aache rangi, aangalie iliyowaka iko wapi."

Tukatengeneza taa. Mjomba alipigilia makopo matatu kwenye ubao, akayatoboa, ubao ukasimamishwa mwisho wa baraza, na kila jioni giza likianza kuingia mimi nilisimama nyuma yake nikihamisha koroboi kutoka kopo hadi kopo. Baba alikaa kwenye kigoda upande wa pili. Juu, akafunga breki. Chini, akatia gia. Nilimpandishia na kumshushia haraka ili nimkoseshe, na hakukosea. Akawa anaimba wakati wa kuosha lori, juu simama, chini nenda, na majirani wakadhani ni wimbo wa kanisani.

Siku ya mdahalo ilifika kabla ya safari. Nilikuwa nimejiandaa vizuri. Nilisimama nikaeleza habari ya Jumapili, jinsi taa inavyokwamisha magari machache na kusaidia magari mengi, na Mwalimu Mgaya alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha nikamkumbuka baba kwenye kigoda, anavyokaza macho, na maneno yakanikimbia. Nilichoweza kusema ni kwamba taa zinamsaidia anayeziona. Darasa likaangua kicheko, maana nani haoni taa? Mwalimu akaniomba nifafanue. Sikufafanua. Siri ya nyumbani haikuwa ya darasani, na hilo nililijua bila kufundwa. Tulishindwa mdahalo kwa kura nyingi, nikarudi nyumbani nimenuna.

Baba akaondoka. Enzi zile mtu akiondoka ameondoka. Hakuna simu, hakuna ujumbe, hakuna picha ya chakula alichokula njiani. Mama aliwasha redio taarifa ya habari ikianza na kuizima ikiisha, na lori lolote lililopanda mlima kwa mlio asioujua lilimfanya aweke chini alichoshika. Mimi nilikuwa na shauku kuliko hofu, nikiri. Nilitaka sana kujua taa ya kweli ikoje, kama inawaka kwa sauti, kama watu huisalimia.

Alirudi asubuhi moja na nazi, samaki wakavu, na viatu vya plastiki vyangu ambavyo vilikuwa vikubwa. Mama alimpapasa mabega kana kwamba ananunua ng'ombe. Mimi nilimrukia na maswali yangu yote.

"Baba, umeziona taa?"

"Zipo," akasema. "Zinawaka."

Basi. Hiyo ndiyo taarifa yote niliyopata. Akaenda Dar miaka mingi baada ya hapo, tukasoma sote, na ubao wa mjomba ukaishia jikoni kuwa kuni.

Leo naishi Mbeya, na Mbeya ina taa. Bado swali la Mwalimu Mgaya linanisumbua kila nikikaa kwenye foleni. Asubuhi namshukuru aliyezibuni. Saa saba mchana, barabara nyeupe, nimesimamishwa na nyekundu na hakuna hata kuku anayevuka, namshangaa. Umeme ukikatika na trafiki akaingia katikati na mkono wake, mambo wakati mwingine yanakwenda vizuri zaidi, na wakati mwingine ni vurugu mpaka Uyole. Sijapata jibu, na nafurahi kuwa sijalipata.

Miaka michache iliyopita baba, mzee tayari, alikuja kukaa kwangu. Siku moja jioni nilikuwa naye kwenye gari, tumesimama kwenye taa za pale Mafiati, mimi wa mbele. Taa ikageuka kijani, na kabla sijatoa mguu kwenye breki, kijana wa bodaboda nyuma yangu akapiga honi. Vijana wa sasa, kijani kwao ni bastola ya mbio. Nikashusha kioo nimpe maneno yake.

"Mwache mwanangu," baba akasema. "Mimi taa yangu Dar ilikuwa hiyo honi."

Nilisogeza gari pembeni. Akanieleza kama mtu anayesimulia hali ya hewa. Ile ya juu na chini ilifanya kazi barazani kwetu. Dar, jua la jioni likizipiga zile taa, zote tatu zilionekana zimewaka, na tangu hapo hakuyaamini tena macho yake. Kwa hiyo akiwa nyuma, alimfuata wa mbele. Akiwa wa mbele, alisimama tu, iwe nyekundu iwe kijani, mpaka wa nyuma wampigie honi.

"Kila mara, baba?"

"Kila mara. Walinitukana sana. Mshamba, rudi kwenu, ng'ombe wewe. Nikisikia wanatukana, najua ni kijani. Naondoka."

Baba yangu alikuwa mtu wa kiburi chake. Kwenye mlima wa Kitonga akipigiwa honi bila sababu aliteremka kwenda kuuliza mtu ana shida gani. Nyumbani hakuna aliyempandishia sauti, hata mama. Na huyo ndiye aliyekwenda kukaa kwenye kila njia panda ya Dar es Salaam akingoja kutukanwa, miaka yote ile, ili sisi tule na tusome, kisha akarudi na viatu vya plastiki na kusema taa zipo, zinawaka. Nililia pale pale, mikono iko kwenye usukani, na yeye akashangaa nalilia nini.

Zamani gari likisimama njiani, anayefuata aliteremka kuuliza umepatwa na nini. Siku hizi anakupita akitikisa kichwa. Simlaumu, magari ni mengi na kila mtu anawahi. Lakini baba sasa hayupo, na jioni nikiwa wa mbele pale Mafiati, jua likiwa usoni, taa ikageuka kijani, mara nyingine siondoki. Nakaa tu, foleni nzima nyuma yangu, mpaka mtu apige honi.