Ua Linalokufa kwa Huruma

Saa sita mchana, jua la utosini. Wenye akili zao wamejifungia ndani. Mwanamke wa miaka hamsini na miwili amechuchumaa nyuma ya nyumba yake, mbele ya viriba kumi na vinne vya miche, chini ya kivuli cha shuka kuukuu. Anavuta kijiti kwa vidole viwili, taratibu, kama anayeng'oa jino la mtoto.

Kijiti kinatoka. Hakina mzizi. Anakiweka pembeni na kuhamia cha pili.

"Kikitoka, kimekufa," anamwambia mwandishi wa habari aliyemtembelea, bila kuinua uso. "Kikikataa, kina mizizi. Mimi leo natafuta mkaidi."

Majirani humwita Fundi Jua. Kwa miaka kumi na mmoja ameotesha na kuuza seji ya maua: vichaka vya kufika kiunoni, vyekundu, vya waridi na vya zambarau, vyenye majani yanayonukia ukiyafikicha. Bustani yake haina mti hata mmoja. Mpapai wa mwisho aliung'oa mwenyewe, na mapapai yake. Mwezi mzuri huuza vichaka arobaini. Msimu wa mvua, mizizi inapooza, hushukuru akiuza sita.

"Watu hudhani ua ni mgeni, kila saa umkaribishe," anasema. "Hili ukilibembeleza, unalizika. Udongo wa kokoto, jua kali, maji mara moja kwa wiki. Basi! Achana nalo."

Wifi yake hakuyajua hayo.

Mwezi uliopita Fundi Jua alisafiri siku tisa kwenda kumuuguza mama yake. Bustani aliiacha kwa wifi, dada wa marehemu mumewe, fundi cherehani anayeishi nyumba ya pili. Alimwachia neno moja tu: "Vitazame." Wifi akaelewa alivyoelewa. Akavitazama kwa ndoo, asubuhi na jioni.

Vingi vilistahimili. Kilichozama ni kimoja, cha buluu iliyokolea, kilichokuwa karibu na mlango. Mumewe, dereva wa lori, alikileta ndani ya kopo la maziwa mwaka mmoja kabla hajafariki. Fundi Jua hakuwahi kukiuza, wala hana kingine cha rangi hiyo.

"Nimerudi nakuta majani yamelala, shina linanuka uvundo," anasimulia. "Nilimwambia wifi yangu maneno ambayo mtu hamwambii wifi."

Kabla kichaka hakijafa kabisa, alikata pingili kumi na nne kwenye matawi yaliyokuwa bado mabichi. Ndizo anazozivuta leo. Ni wiki tatu sasa, na kwa wiki hizo tatu wawili hao hawajasalimiana.

Wifi mwenyewe amesimama mlangoni pake, tepu ya kupimia shingoni. Anamjibu mwandishi, lakini kwa sauti ya kusikika hadi bustanini.

"Ningekipita vipi? Kile kilikuwa cha kaka. Vingine nilivipa maji. Kile nilikipa maji na salamu."

Fundi Jua anaendelea kuvuta. Cha kumi na mbili kinatoka. Cha kumi na tatu nacho. Anajifuta jasho kwa upande wa kanga, anakaa kitambo akikitazama kilichobaki bila kukigusa. Anasema anaogopa, na haoni haya kusema.

Anavuta. Kinakataa. Anavuta tena, kidogo. Kinakataa.

"Wifi!" anaita kabla hajafikiri. "Wifi wee, njoo! Kimekataa!"

Wifi anakuja mbio. Mkononi ana ndoo.

"Weka chini hiyo ndoo kwanza," anasema Fundi Jua, na wote wawili wanacheka mpaka mmoja anakaa chini.

Mpango wa Fundi Jua ni kukiacha kikomae mwaka mzima, kisha akate pingili upya. Kichaka cha kwanza kitakachoshika hakiuzwi. Kitakwenda mlangoni kwa wifi, pamoja na kikombe cha kahawa cha kupimia maji.

"Kikombe kimoja, Ijumaa kwa Ijumaa," anasema. "Salamu, akipe kila siku."