Udongo wa Mama Gitae

Mama Gitae alikuwa mbishi, na mimi niliyepakana naye shamba huku milimani, mkoani Gangwon, najua. Kila mwaka, theluji ikishayeyuka, aliteremka mtaroni, akazoa udongo ulioshushwa na mvua kutoka shamba lake la kabichi, akaupandisha kwa kapu mgongoni.

"Dada, unaufuata kama mke anayemfuata mume mlevi," nilimtania.

"Mlevi hurudi mwenyewe. Udongo haujui njia."

Mumewe alizikwa upande wa juu wa shamba. Naye Mama Gitae alishatuusia: "Nikifa, nifunikeni kwa udongo huu huu. Nimeubeba vya kutosha, sasa na uje unilalie."

Gitae, mwanawe wa pekee, aliporudi kulima alikuja na trekta, na mawe yakawa yanamvunjia majembe.

"Yaache, ndiyo yanayoushika udongo," mama alimwambia.

"Mama, mawe hayazai kabichi."

Mama alipolazwa kwa ajili ya magoti, Gitae aliyang'oa mawe yote, akayarundika kando, akageuza matuta yafuate mteremko ili trekta ipite. Mwaka ule kabichi zilinenepa, kijiji kizima kikamsifu. Hata mimi.

Mwaka uliofuata mvua ya Julai ilishuka na shamba. Udongo ulikwenda na mbolea yake, mto ukawa tope, na bwawa la bondeni likageuka kijani, likanuka samaki. Mtaroni hakikubaki cha kuzoa. Mama Gitae alisimama na fimbo yake, akitazama ardhi ngumu iliyobaki. Hakumgombeza mwanawe. Afadhali angemgombeza.

"Niletee kapu," alisema.

"Mama, ubebe nini?"

Akakaa chini palepale. Alifariki kabla ya msimu wa kutia kabichi chumvi kwa akiba ya majira ya baridi.

Kwetu kaburi hutaka kichuguu cha udongo juu yake, na shamba halikuwa na udongo wa kukijaza. Lori likaleta wa kununua, mweupe, wa kutoka barabara inayochimbwa. Dereva alipotaka kuumwaga, Gitae alimzuia. Alikwenda kwenye rundo la mawe yake, akapiga magoti, akaanza kukwangua kwa kucha. Udongo mweusi wa mama yake ulikuwa bado umeng'ang'ania mawe.

Tulikwangua wote, huku tunalia. Haukujaza bakuli. Gitae aliumimina juu ya jeneza, kisha akamwashiria dereva amwage.