Meza ya Babu Ugenini

Doyeon aliamka kabla ya jogoo wa Mama Duan, akashuka jikoni kimyakimya. Juu aliwaacha wawili wamelala: mumewe Gitae ameegemea ukuta, na binti yao Sol, wa miaka sita, amejikunja katikati ya kitanda kama kamba wa kukaanga. Ulikuwa mwezi wa saba tangu watoke Korea na mabegi matatu ya mgongoni. Walipita Vietnam, wakapita Laos, basi hili mpaka basi lile, wakafika Dali, kusini mwa China, ambako Mama Duan aliwapa chumba cha juu na ruhusa ya kutumia jiko lake.

Kabla ya safari Doyeon alifanya kazi miaka tisa katika kiwanda cha mikate. Alitoka mtoto amelala, akarudi mtoto amelala. Siku moja Sol alimwita bibi yake "mama", na wala hakujirekebisha. Wiki ile ile Doyeon aliacha kazi. Sasa alijua kwamba mwanawe hukoroma akilalia ubavu wa kushoto, na kwamba anaogopa vipepeo lakini mbwa haogopi. Mambo madogo, lakini yalikuwa yake.

Aliyekuwa haitaki safari hii ni mama mkwe wake, Bi Malsun, aliyebaki peke yake huko Andong, Korea. Juzi alipiga simu.

"Gitae ndiye mwanangu wa kiume wa pekee. Asubuhi ya sikukuu ya mavuno marehemu baba yake atakula kwa nani? Nyonga hii hainiachi nisimame jikoni. Wekeni meza huko huko, niione kwa macho yangu. Mkiniletea mchezo, mnarudi nyumbani wiki hii hii."

Gitae, ambaye hajawahi kumpinga mama yake, aliitikia, "Ndiyo, mama," kabla mkewe hajafungua mdomo.

Ndiyo maana leo Doyeon alipika kwa hofu. Chakula cha marehemu hakitiwi kitunguu saumu wala pilipili, maana hivyo hufukuza mizimu. Mara mbili mkono wake ulikwenda kwenye saumu wenyewe, kwa mazoea, na mara mbili akaurudisha. Gitae alishuka akaanza kupanga matunda: mekundu mashariki, meupe magharibi.

"Mashariki ni wapi, Mama Sol?"

"Jua linatokea wapi?"

"Kuna mawingu."

"Basi kamuulize jogoo."

Sol alikuwa anahesabu sahani. "Babu atajuaje tuko huku? Kichina chenyewe hajui."

"Anamfuata baba yako."

"Kwa basi?"

Doyeon alicheka, akapanda kubadilisha blauzi. Nyuma yake, Gitae akiwa uani akitafuta mashariki, Mama Duan akaingia na kikapu cha mapichi makubwa yenye manyoya laini. Kwao pichi ni tunda la kumtakia mzee maisha marefu. Sol akayapokea kwa mikono miwili, akayapanga katikati ya meza, akajisifu moyoni.

Doyeon aliporudi, Gitae alikuwa ameshapokea simu, na uso wa Bi Malsun umejaa kwenye kioo.

"Shusha simu nione. Mbona wali uko kwenye bakuli la plastiki?"

"Ndilo lililokuwepo, mama."

"Haya. Samaki mzuri. Na hivyo vya katikati ni nini?"

Bi Malsun akasogeza uso karibu na kioo.

"Pichi! Gitae! Umemwekea baba yako pichi! Mzee kafika mlangoni kageuza!"

Hakuna nyumba ya Kikorea inayoweka pichi mbele ya marehemu, kwani mzimu huliogopa tunda hilo kuliko hata saumu. Doyeon akauona akilini mlango wa kiwanda, akaiona kofia yake nyeupe ya kazi.

"Ni mimi, bibi," Sol akasema. "Mama Duan kasema ni ya kuishi miaka mingi."

"Babu yako kashakufa! Ataishi miaka mingi ya nini?"

"Lakini ni matamu."

Bi Malsun akashusha sauti.

"Alikuwa akiyapenda, yule mzee. Anakula na manyoya yake, maji yanamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Miaka sita tangu afe sijamtolea hata moja. Naogopa nikimtolea hatakuja."

Kawaida Doyeon humwachia Gitae ajibu. Leo alisogea mbele ya simu.

"Mama, je, tukimwekea moja nje ya mlango? Aingie ale wali kwanza. Akiondoka, alichukue."

"Nani kakufundisha hayo?"

"Hakuna, mama. Nimefikiri tu."

Bi Malsun akaitazama tena meza.

"Liwe ng'ambo ya kizingiti, si juu yake. Na umchagulie lililoiva. Meno hakuwa nayo."

Mapichi yakaondolewa mezani, mlango ukafunguliwa, moja likawekwa nje. Wakasujudu wote watatu, na huko Andong Bi Malsun akainamisha kichwa tu, kwa kuwa nyonga ilimkatalia zaidi. Wakamsubiri mzee ale.

Doyeon alikuwa anakunja mkeka aliposikia kwenye simu swali ambalo mama mkwe wake hakuwahi kuliuliza kwa miezi saba.

"Mwaka mpya mtakuwa mji gani?"

Gitae akamtazama mkewe.

"Tainan, mama, Taiwan," Doyeon akasema. "Shule ya Sol inafunguliwa mwezi wa tatu. Tutakuwa tumerudi."

"Taja polepole, nashika kalamu. Lazima nimwambie mzee mapema, asije akahangaika njiani."

Doyeon akakaa chini na simu, akamtajia herufi moja moja.